Naomba ushauri: sauti inayokwaruza kwenye santuri ya Jerry Lee Lewis ya Hamburg, 1964

Binti Mwambao

Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa zamani, salaam. Ninaishi Hamburg, na hivi karibuni nimenunua kwa muuzaji wa santuri za mitumba nakala ya "Live at the Star Club, Hamburg" ya Jerry Lee Lewis, mwimbaji na mpiga piano wa rock and roll wa Kimarekani, ile iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1964. Nakusudia kumpelekea mjomba wangu, ambaye amepiga piano kanisani na katika bendi za hoteli kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ndiye aliyenifundisha mimi kupiga. Mjomba anazo nyimbo za studio za mwaka 1957 zilizorekodiwa kwenye studio ya Sun, kule Memphis, Marekani, naye hushikilia kwamba mwimbaji huyu alikwisha mwaka 1958 ziara yake ya Uingereza ilipovunjika. Nataka asikie alichokuwa akikifanya miaka sita baadaye.

Tatizo ni sauti. Tangu wimbo wa kwanza, "Mean Woman Blues", piano inagonga kwa ukali unaokaribia kupasuka, mwimbaji akipandisha sauti inakwaruza, na bendi inasikika imebanwa nyuma yake. Muuzaji amekubali niirudishe kabla ya Jumamosi ijayo. Naomba mnisaidie mambo mawili: nitajuaje kama ukwaruzaji huo unatokana na santuri kuchakaa au ndivyo onyesho lilivyorekodiwa? Na kwa mpiga piano mzee mwenye sikio kali, hii ndiyo rekodi ya kumpa, au ipo nyingine ya jukwaani iliyo bora?

Fundi Sindano

Dada, usiirudishe kabla hujaipima, kwa sababu hii ni rekodi ambayo mtu asiyeizoea anaweza kuidhania mbovu wakati ni nzima kabisa. Ukali unaousikia tangu mwanzo wa upande wa kwanza, kwa sehemu kubwa, umo ndani ya kanda yenyewe. Hata hivyo santuri ya umri huo inaweza pia kuwa imeliwa na sindano, kwa hiyo yakupasa kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Kwanza ioshe, kisha itazame chini ya taa, ukiigeuza polepole. Mifuo, yaani mistari inayopitiwa na sindano, ikichakaa hupoteza mng'ao na kuwa na rangi ya kijivu, hasa pale muziki unapokuwa mzito. Pili, linganisha nyimbo za mwanzo wa upande na za mwisho wake. Santuri huzunguka kwa mwendo uleule wakati wote, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo kila mzunguko unavyokuwa mfupi zaidi, na sauti ileile hulazimika kubanwa katika nafasi ndogo. Gramofoni nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na mikono mizito, na huko ndani ndiko zilikofanya uharibifu mkubwa. Upande wa pili unafungwa na "Whole Lotta Shakin' Goin' On", wimbo ambao katikati yake mwimbaji anashusha sauti hadi karibu kunong'ona kabla ya kulipuka tena. Sikiliza hapo kwenye kunong'ona. Ukisikia mfoko na mikwaruzo hata pale anapoimba chini kabisa, santuri imechakaa. Ukimya wake ukiwa safi, na ukali ukarudi tu anapogonga piano kwa nguvu, basi huo ndio mkono wake.

Jambo la tatu ndilo la hakika zaidi. Tafuta toleo la dijitali la wimbo huohuo, usikilize kwa spika zilezile. Kasoro iliyopo kwenye matoleo yote mawili, mahali palepale, haitokani na nakala yako.

Mzee wa Kanda

Ndugu Fundi amesema vyema, nami naongeza sababu ya ukali huo, maana Binti anaishi katika mji ambamo jambo lenyewe lilitendeka. Klabu hiyo ya Star Club ilifunguliwa mwezi Aprili 1962 katika barabara ya Grosse Freiheit, mtaa wa St. Pauli, na ilidumu mpaka mwisho wa mwaka 1969. Mabaharia, vijana wa mjini na watalii walikuwa wakijazana humo hadi usiku wa manane. Onyesho la Jerry Lee lilirekodiwa tarehe 5 Aprili 1964, na aliyesimamia kurekodi ni Siggi Loch, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana. Aliweka vipaza sauti karibu mno na ala, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa rekodi hii. Piano haikurekodiwa kwa mbali, ikachanganyika na mwangwi wa ukumbi, bali unasikia nyundo zake zikipiga nyuzi. Mwimbaji anayegonga piano kwa nguvu kama zile, mbele ya kipaza sauti kilicho karibu hivyo, hujaza kanda hadi ukingoni.

Ilinganishe na rekodi ya The Beatles iliyofanywa katika klabu hiyohiyo mwezi Desemba 1962 kwa mashine ya kanda ya nyumbani, na kutolewa baadaye mwaka 1977. Ile ni dhaifu kweli: maneno yanapotea, na ngoma zinatoka mbali. Hii ya Jerry Lee imerekodiwa na watu waliojua kazi yao, na kinachozidi kimo ni nguvu ya anayerekodiwa.

Bendi iliyo nyuma yake ni The Nashville Teens, vijana wa Kiingereza ambao mwaka huohuo walipata umaarufu wao wenyewe kwa "Tobacco Road". Mwambie mjomba wako awasikilize kwa makini, maana mara kwa mara kiongozi anakaza mwendo bila kuwaonya, nao inawabidi wamfukuzie. Ukidhani wamebanwa, jua kwamba ni yeye aliyewabana.

Msikilizaji wa Bara

Naomba nitofautiane kidogo na wakubwa zangu. Swali la pili la dada linahusu zawadi kwa mzee, na si kila mzee atafurahia dhoruba ya aina hiyo. Ipo "The Greatest Live Show on Earth", iliyorekodiwa Birmingham, Alabama, mwezi Julai 1964, yaani miezi mitatu tu baada ya Hamburg. Sauti yake ina nafasi zaidi na ukumbi unasikika ulivyo mkubwa. Mpiga piano aliyezoea mambo kupangwa vizuri angeweza kuielewa kwa haraka zaidi.

Mzee wa Kanda

Ni rekodi nzuri, mwanangu, wala siipingi. Lakini fikiria kile Binti anachotaka kukithibitisha. Mjomba anasema mtu huyu alikwisha mwaka 1958. Ni kweli kwamba redio za Marekani zilimtupa na kumbi kubwa zikamfungia milango, na ni kweli pia kwamba santuri hii ya Hamburg haikutolewa Marekani kwa miaka mingi kwa sababu za mikataba. Kwa hiyo Wamarekani wengi waliodhani kwamba moto umezimika hawakupata hata nafasi ya kuisikia hoja iliyo kinyume. Hapa yuko na miaka 28, hana wimbo wowote unaovuma, yuko mbali na kwao, na anapiga kana kwamba ana deni la kulipa usiku uleule.

Kwa sikio la mpiga piano, ningemwelekeza kwenye nyimbo mbili. Katika "Lewis' Boogie" asikilize mkono wa kushoto usivyolegea hata mkono wa kulia unapokwenda mbio hadi juu ya ubao na kurudi. Kisha asikilize "Your Cheatin' Heart" ya Hank Williams, ambako ghafla anapunguza kasi na kuyavuta maneno, akijaza mapengo kwa vishada vya piano vya mtu aliyelelewa na muziki wa kanisani na wa kantri kule Ferriday, Louisiana. Mwaka 1968 alirudi kwenye chati kwa nyimbo za kantri, na wengi walishangaa. Aliyeusikiliza wimbo huu wa 1964 asingeshangaa.

Mama Tumaini

Nimefuatilia kwa makini na nimejifunza mengi, lakini naomba tusiutaje mwaka 1958 kana kwamba ulikuwa ni ajali ya barabarani tu iliyomkuta mwanamuziki. Ziara ile ilivunjika kwa sababu waandishi wa habari waligundua kwamba mke aliyeandamana naye alikuwa na miaka 13, na alikuwa mtoto wa binamu yake. Yeye alikuwa na miaka 22. Kuna aliyeumizwa kabla ya kazi yake kuumia, na aliyeumizwa alikuwa mtoto. Sisemi kwamba Binti asitoe zawadi hiyo. Ninachosema ni kwamba tunapomsifu kwa kurudi kwake, tusilifanye jambo lile kuwa msukosuko mdogo alioushinda kishujaa.

Binti Mwambao

Mama, nimekuelewa na ninakubaliana nawe. Mjomba anaijua habari hiyo vizuri. Ndiyo sababu hasa iliyomfanya aache kumsikiliza, naye ni mtu mwenye mabinti. Nitakapompa nitamweleza wazi kwamba simletei mtu wa kumtetea, bali namletea upigaji wa piano ambao nadhani angependa kuusikia, na akisema hataki nitaelewa.

Nimefuata maelekezo ya Ndugu Fundi. Nimeiosha santuri na kuisikiliza sambamba na toleo la dijitali. Sehemu ya kunong'ona katika "Whole Lotta Shakin'" ni safi, na ninasikia hata watu wakiguna chini ya jukwaa. Ukali wa "Mean Woman Blues" upo kwenye matoleo yote mawili, pale pale. Lakini katika "What'd I Say", ambayo ndiyo inayofunga upande wa kwanza, nakala yangu ina mfoko kidogo kwenye spika ya kushoto ambao toleo la dijitali halina. Nimeona pia kwamba toleo la dijitali lina wimbo "Down the Line", ambao kwenye santuri haupo kabisa. Je, nimeuziwa nakala pungufu?

Fundi Sindano

Hapana, nakala yako imekamilika. "Down the Line" uliachwa nje ya toleo la kwanza kwa sababu mwanzo wake uliingiwa na kasoro ya sauti wakati wa kurekodi, na uliongezwa katika matoleo ya baadaye. Kutokuwapo kwake ni jambo la kutarajiwa kwenye santuri ya 1964.

Mfoko wa spika moja mwishoni mwa upande ni uchakavu wa kweli, ila ni uchakavu mdogo. Mwombe muuzaji apunguze bei kwa kumwonyesha mahali hasa unaposikika. Muuzaji mwaminifu atausikia mwenyewe. Akikataa, na kama jalada ni zima na upande wa pili ni safi kama unavyosema, mimi ningeichukua hivyo hivyo. Kabla ya kumpa mjomba, hakikisha sindano ya gramofoni yake si ya zamani sana na mkono wake haulemei, kwani santuri iliyokwisha anza kuliwa haivumilii sindano butu. Ukisafiri nayo, itoe ndani ya jalada lake na uiweke kwenye bahasha safi nyuma ya jalada, ili ukingo wake usije ukalipasua. Ibebe ikiwa imesimama wima kwenye mkoba wa mkononi, wala usiipeleke kwenye mizigo ya chini.