Tupeane uzoefu: stima zimepotea na mteja anangoja, ulijinasuaje?

Wakuu, nianze mimi. Niko Mamboleo, Kisumu, kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mteja wa Uingereza na kuziandika. Juzi saa kumi jioni mvua yetu ile ikashuka, stima zikapotea. Laptopu ilikuwa na chaji, lakini ruta ilizima palepale, na faili inatakiwa saa kumi na mbili. Bando nalo lilikuwa limeisha tangu asubuhi. Nikaigeuza ruta nisome mgongoni: volti 12. Barazani kuna pikipiki ya shemeji, na betri yake ni volti 12! Nikakata waya wa chaja ya ruta iliyokufa, nikaumenya kwa meno (mke wangu asisikie), chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Taa zikawaka. Shemeji akatokea na helmeti mkononi, ana abiria wa Kondele. Ilibidi nimlipe nauli ya ile safari ndipo akaketi.

Wa Kiamunyi, Nakuru:
Hahaa! Kwangu shida ni mabati, ndani mtandao hausomi kabisa. Nikatia simu kwenye kikapu, nikaivuta kwa kamba hadi juu ya mparachichi, hotspoti ikafika mezani safi. Katikati ya kikao mama mkwe akapiga. Simu yangu ni ya zamani, ikiita data inakatika. Nami siwezi kumkatia, simu iko mtini! Aliita mara tatu.

Wa Kakamega:
Mimi radi ikianza nachomoa kila kitu. Radi za huku si za kuchezea. Bosi atangoja.

Wa Bungoma:
Ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, giza nchi nzima, nilihamia kituo cha mafuta chenye jenereta. Nikakaa kando ya mashine ya kujaza upepo, nikafanya kazi hadi saa tisa usiku. Mlinzi alitaka chai tu, ingawa kila nusu saa aliniuliza kama hiyo kazi inalipa kweli.

Wa Kiamunyi:
Jirani wa Mamboleo, na pikipiki iliwaka baadaye?

Wa Mamboleo:
Iliwaka, kwa teke. Honi ndiyo ilikuwa inakohoa. Shemeji ameanza kulala na ufunguo na betri chumbani.