Binti yangu wa miaka mitano amegoma nimsomee kitabu, anasema nadanganya. Naomba ushauri

Baba Mtu (mwenye uzi)
Habari zenu wanajukwaa. Nina binti wa miaka mitano. Tangu alipofikisha miaka mitatu, mimi ndiye ninayekaa naye na kitabu kabla ya kulala, kwa sababu mama yake hufanya kazi zamu ya usiku. Kitabu anachokipenda ni kimoja tu, kinahusu punda asiyetaka kulala. Kimechakaa, jalada linashikiliwa na gundi, lakini ukimletea kingine anakisukuma pembeni.

Kwa miaka miwili hatukuwa na tatizo lolote. Sasa yapata wiki tatu amebadilika. Nikifungua ukurasa anaweka kidole chini ya maandishi na kuanza kunisahihisha. Juzi alifunga kitabu akasema, "Baba, unadanganya." Jana akasema atamsubiri mama.

Ninachoomba ni hiki: nifanyeje arudi kusikiliza tu kama zamani, bila kufuatilia maandishi? Na kama kuna vitabu vya watoto vyenye picha tupu, visivyo na maneno, mnielekeze. Natanguliza shukrani.

Mama wa Watatu
Pole sana baba. Wangu wa katikati alikuwa na kitabu cha bata. Nilikisoma mpaka nikawa namwota bata. Siku moja nikakificha nyuma ya kabati nipumzike. Mtoto hakulia. Akachukua kitabu kingine kabisa, akakishika juu chini, akaanza: "Hapo zamani palikuwa na bata..." Akakisoma chote, anageuza na kurasa, hadi sauti yangu ya uchovu akaiiga. Nilicheka nikatoa machozi. Sasa yuko darasa la nne, ukimtajia bata anatoka chumbani.

Sina Mtoto Bado
Sina mtoto ila nina paka, naye nikisoma anakalia kitabu. Kwa hiyo nakuelewa mkuu.

Mzee Kijiti
Tatizo ni simu. Watoto wa siku hizi wanashikishwa simu kabla hawajaota meno, halafu mnashangaa hawana adabu kwa wazazi. Mtoto kumwambia baba yake "unadanganya"! Samaki mkunje angali mbichi.

Mama wa Watatu
Mzee wangu, simu imetajwa wapi kwenye huu uzi?

Mwalimu Chekechea
Baba Mtu, usimnyang'anye kitabu cha punda. Kurudia kitabu kimoja kunakuchosha wewe, yeye kunamjenga. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya. Waliosikia hadithi ileile mara kadhaa waliyashika maneno yale vizuri kuliko waliosomewa hadithi tofauti tofauti, ingawa maneno yenyewe walikuwa wameyasikia mara sawa. Mtoto akishajua kinachofuata, akili yake inapata nafasi ya kuangalia vitu vingine.

Na hicho kidole ni jambo la kushangilia. Watoto wengi wadogo wanaposomewa macho yao yako kwenye picha tu, maandishi hawayaangalii kabisa mpaka mtu mzima ayaonyeshe. Wako kayaona. Kwa nini unataka aache?

Vitabu vya picha tupu vipo, ulizia maktaba yoyote yenye sehemu ya watoto.

Tabasamu
Mwalimu kauliza la mwisho, mimi nauliza la kwanza. Mtoto hajaanza kusoma. Anamsahihisha baba yake kitu gani? Anajuaje kwamba anadanganywa?

Baba Mtu
hadithi ina badilika kidogo

Tabasamu
Inabadilikaje? Kitabu kikishachapwa kimechapwa.

Baba Mtu
na ongeza. na angalia picha na sema. siku moja nili sema punda ana shangazi. ali mpenda sana huyo shangazi. kesho yake nika sahau. aka uliza shangazi yuko wapi leo. nika sema kasafiri. siku ingine nika mleta tena aka sema siyo huyu, yule alikua mnene. sasa ana hesabu. ana weka kidole ana sema baba hapa maneno manne, wewe ume sema mengi

Sina Mtoto Bado
Nimecheka hadi paka kakimbia. Huyo mtoto ni mkaguzi wa mahesabu. "Siyo huyu, yule alikuwa mnene."

Mama wa Watatu
Shangazi kasafiri!! Mimi nilikuwa naruka kurasa mbili mbili nikichoka, nikadhani mimi ndiye mwizi mkubwa.

Mwalimu Chekechea
Ngoja niseme kitu, maana huyu binti kanifurahisha. Kuna mambo mawili amegundua mwenyewe. La kwanza, hadithi inakaa kwenye zile alama nyeusi, haitoki kwenye picha. Ndiyo maana inatakiwa iwe ileile kila siku. La pili, neno moja linalosemwa lina umbo lake moja kwenye karatasi, na ile nafasi katikati ndiyo inayoyatenga. Nina watoto darasani ukiwaambia waonyeshe neno wanaonyesha herufi, au mstari mzima. Huyu anahesabu manne.

Sasa fuata nyayo zake. Weka kidole chini ya neno unalolisoma, polepole. Mwambie atafute herufi ya kwanza ya jina lake kwenye ukurasa, watoto wengi huijua hiyo kabla ya nyingine zote. Andika "mlango", bandika mlangoni, "kiti" kwenye kiti, kesho vibadilishe makusudi uone atakavyopiga kelele. Kata karatasi, mkunje katikati, mshone kwa uzi, achore punda wake mwenyewe, wewe uandike chini anachokuambia. Hicho ndicho kitabu atakachokisoma mara mia.

Baba Mtu
asante mwalimu. lakini mimi nime sha nunua miwani

Tabasamu
Miwani ya nini tena?

Baba Mtu
nime mwambia macho yana niuma. nita sema daktari kani kataza kusoma usiku. basi ata elewa. vitabu vingine nime anza kugawa. cha punda bado

Mama wa Watatu
Baba jamani. Kwa hiyo alikuja kuuliza akiwa ameshanunua jibu?

Mzee Kijiti
Nilijua. Njia ya mwongo ni fupi. Leo macho, kesho mgongo. Mtoto amekuambia ukweli usoni na wewe unakimbilia dukani.

Baba Mtu
siyo uongo mkubwa. ha muumizi mtu. watu wengi wana vaa miwani. ni bora ajue macho mabovu kuliko

Sina Mtoto Bado
Kuliko?

Sina Mtoto Bado
Mkuu, kuliko nini? Umetuacha njia panda.

Kachero
Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba niseme. Hii ni chai. Nendeni mkaisome posti ya kwanza. Ina aya tatu, koma ziko mahali pake, "yapata wiki tatu", "natanguliza shukrani". Halafu njooni huku chini: hakuna herufi kubwa, "ana weka", "nime sha nunua", maneno yamekatwakatwa kama kuni. Huyo si mtu mmoja. Ama akaunti ina watu wawili wanatuchezea, ama mtunzi kachoka kuigiza. Na kisa chenyewe kimepangwa mno. Punda, shangazi mnene, miwani. Mtoto wa miaka mitano eti anahesabu maneno. Mmelishwa, na mmeomba nyongeza.

Sina Mtoto Bado
Hm. Nimerudi juu kuangalia. Kweli ni kama watu wawili.

Mwalimu Chekechea
Kwa mtoto wa miaka mitano kuhesabu mpaka nne hakuna maajabu, Kachero. Karibu darasani kwangu.

Kachero
Mwalimu, wewe jibu la mtoto unalo. La koma je?

Mzee Kijiti
Mimi nilishasema tangu mwanzo tatizo ni simu.

Tabasamu
Kachero, koma umeziona vizuri, ila sidhani kama umezielewa. Baba Mtu, hulazimiki kujibu hili. Posti ya kwanza nani aliiandika?

Baba Mtu
mpwa wangu. nili mwambia aka andika. hizi na andika mwe nyewe, ana nicheka ana sema andika tu wata kuelewa. majibu marefu ana nisomea yeye

sijui kusoma. siyo sijui kabisa. na unga. pu nda pu nda. neno moja ni napata, mstari ni kimaliza nime sahau mwanzo. nili toka shule mapema. mama yake anajua lakini hatu jawahi kuli taja. kitabu cha punda sijui kina semaje. miaka miwili sijui kina semaje

Mama wa Watatu
Nimesoma mara mbili. Naombeni dakika moja.

Kachero
Watunzi wazuri ndivyo wanavyofanya, ukiwabana wanakuliza. Sijasema naamini.

Mzee Kijiti
Kachero, nyamaza kidogo.

Baba yangu mimi alikuwa anashika gazeti kila asubuhi. Analifungua, anakohoa, anageuza kurasa. Tulikuwa tunapita kwa kunyata, baba anasoma. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nilipoona siku hiyo kalishika na picha za watu miguu juu. Sikumwambia kitu. Mpaka anaondoka duniani sikumwambia. Ningekuwa na ulimi wa huyo binti yako.

Mama wa Watatu
Mzee Kijiti leo umenimaliza.

Mwalimu Chekechea
Baba Mtu, mpwa akusomee hii yote, asiruke.

Miaka hiyo miwili haikupotea. Mwaka 1988 kule Marekani walichapisha utafiti ambao wazazi walifundishwa wasisome tu mfululizo, bali waulize maswali kwenye picha, wamwache mtoto asimulie, waongezee pale alipoishia. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wao walikuwa wamewapita wenzao kwa lugha. Wewe umefanya jambo la jamaa moja na hilo kila usiku, hujafundishwa na mtu. Mtoto anayeuliza "shangazi yuko wapi leo" na kukumbuka kwamba alikuwa mnene, hilo katoa kwako.

Sasa la kitabu. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, na kama chako kina maneno manne manne, ukitoa kurasa zisizo na hadithi hayafiki hata mia na ishirini. Mengi yanajirudia. Mama yake akisome mara moja, mrekodi kwenye simu (samahani Mzee Kijiti). Wewe sikiliza huku kidole kiko chini ya neno, ukurasa mmoja kwa siku. Unaunga silabi tayari, na Kiswahili hakina hila: "a" ni "a" popote utakapoikuta, "pu" ya punda ndiyo "pu" ya puto na "pu" ya pua. Kitakachokusumbua kidogo ni ng' na ng, na zile zinazobanana kama mbw, ndw. Sehemu nyingi kuna madarasa ya watu wazima pia, ulizia. Lakini anza na punda.

Tabasamu
Na miwani?

Baba Mtu
nime shaivaa siku mbili. ana sema na pendeza

Sina Mtoto Bado
Hahaha basi ivae tu mkuu, ila ile ya daktari iache.

Tabasamu
Sina Mtoto yuko sawa. Mwambie binti kwamba na wewe unajifunza. Mtoto wa miaka mitano hakuoni mdogo kwa hilo. Yeye kila kitu anajifunza, hadi kufunga kamba za viatu. Anaweza hata kufurahi kupata mwenzake.

Baba Mtu
na aibu ka. aki waambia watoto wenzake je

Mama wa Watatu
Atawaambia. Watoto wanatangaza kila kitu, wangu alitangaza uzito wangu kwenye harusi. Dunia haikuanguka. Ila baba, usigawe vitabu vingine. Na ulivyogawa, kama mtu hajavichana, kaviombe.

Mwalimu Chekechea
Naongeza moja. Usiue ile hadithi yako. Wekeni utaratibu: kwanza mnasoma kitabu kinavyosema, halafu mnafunga kitabu, Paukwa! Pakawa! Hapo ni wewe na shangazi. Atajua kipi ni cha kitabu na kipi ni cha baba.

Kachero
Mnampa masomo mtu ambaye hayupo. Mimi nimemaliza.

*Siku kumi na moja baadaye*

Sina Mtoto Bado
Nauinua uzi. Baba Mtu upo? Punda amelala?

Baba Mtu
nipo. tume fika ukurasa wa sita. mama yake ali rekodi, haku uliza kwa nini, ali cheka tu aka rekodi. nili mwambia mtoto baba ana jifunza. aka sema mimi nita kufundisha. sasa yeye ndiye ana shika kidole changu ana kisogeza. niki kosa ana sema rudia

kumbe punda hakutaka kulala kwa sababu ana ogopa giza. mimi miaka miwili na mwambia mtoto ana subiri mgeni

Mama wa Watatu
Ndiyo maana shangazi akaja.

Baba Mtu
ndiyo

Mzee Kijiti
Uko ukurasa wa sita wa ngapi?

Baba Mtu
ishirini na nane. herufi mbw bado ina nisumbua mzee, kuna mbwa ana tokea ukurasa wa saba

Mzee Kijiti
Polepole. Funga midomo kwanza, halafu ifungue ukiwa umeiviringisha.

Kachero
Bado siamini hata neno moja. Ila kwa faida ya wasomaji, shangazi aliishia wapi?

Baba Mtu
yupo. mtoto kamchora ndani ya jalada la nyuma, kwa kalamu, ha futiki. mnene