MJADALA: Fungu la kusomesha watu wa tathmini liende semina au liende darasani?

Mwana_wa_Mtambwe
Asalaam aleikum wana baraza. Nina swali, na naomba leo tusitukanane.

Hakuna mradi unaoingia visiwani bila fungu la "kujenga uwezo" wa ufuatiliaji na tathmini. Kwa ninavyoona mie, fungu hilo huishia kwenye semina ya siku tano. Jumatatu mgeni rasmi na picha ya pamoja, katikati bango kitita (lile jedwali la malengo ya mradi na vipimo vyake) na viashiria, Ijumaa jicho liko kwenye saa: sala, halafu boti. Afisa anarudi ofisini na mkoba, kalamu na cheti. Muulize mradi umebadilisha nini katika maisha ya watu, atakutajia idadi ya waliohudhuria mafunzo.

Wakati huohuo MIT, chuo kikuu kilichoko Massachusetts, Marekani, wana programu ya mtandaoni tangu 2017, ya data, uchumi na sera za maendeleo. Walioianzisha ni kina Esther Duflo na Abhijit Banerjee, walewale waliopata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer. Masomo unayatazama bure, unalipia mtihani tu, na ada inakwenda na kipato chako. Ukimaliza zote na kufaulu vizuri unaweza kuomba shahada ya uzamili palepale MIT, hata kama huna digrii ya kwanza.

Je, si bora wizara ichague vijana kumi, iwape bando na saa mbili za kazi kila siku kwa mwaka mmoja, kuliko kumwaga pesa kwenye kumbi za hoteli?

Ngalawa_Moja
Huna digrii ya kwanza halafu unaingia MIT? Yakhe, hii si ile ya "umeshinda gari, tuma elfu ishirini ya usafirishaji"?

Mwana_wa_Mtambwe
Masharti wameyaweka hadharani, nenda kayasome. Lakini hilo silo swali langu.

Bi_Mazizini
Mwanangu wa Mtambwe, umezisema semina kama kwamba sisi tunaofundisha huko tunakwenda kula sambusa. Basi nikwambie.

Tuko Jambiani, tunajaribu dodoso la mradi wa mwani. Swali linauliza: mwezi uliopita ulipata shilingi ngapi kutokana na mwani? Mdadisi ni kijana wa shahada ya uzamili, kishikwambi kipya mkononi. Bi mkubwa anamtazama, anamuuliza: mwezi upi, baba? Maana yeye anakwenda na bamvua. Maji yakitoka sana anashuka kufunga mbegu na kuvuna, maji mafu yuko nyumbani anaanika, na mnunuzi huja siku anayotaka mwenyewe. Kijana akaandika sufuri. Kaandika sufuri, na mama wa watu kakaa juu ya magunia matatu ya mwani mkavu!

Tulikaa naye mchana ule tukalivunja swali vipande vitatu: umevuna bamvua ngapi tangu mfunguo mosi, umeuza mara ngapi, kila ukiuza ulipewa kiasi gani. Hayo tumeyafanya ndani ya semina ya siku tano. Massachusetts hawajui maji mafu.

Kijana_wa_Ng'ambo
Bi mkubwa shikamoo. Kwa heshima zote, hiyo programu ya MIT ina kozi nzima ya namna ya kuendesha tathmini, na kulijaribu dodoso kabla ya kulitumia ni humo humo. Nimeipitia.

Bi_Mazizini
Marahaba. Umeipitia ukiwa umekaa wapi? Jambiani umefika?

MtuWaMakunduchi
Tatizo si kozi. Mpemba mpe kozi ya MIT, mwezi wa pili keshafungua duka la vitenge Kariakoo, cheti katundika juu ya kaunta 😂😂

Chake_Chake_Tu
Nilijua tu. Haipiti mada humu bila Mpemba kuingizwa.

Naomba nikuulize wewe bwana unayecheka. Maafisa mipango wangapi wa huko kwenu waliosomeshwa kwa pesa za umma, wakaiacha wizara wakaenda mashirika ya wafadhili, na sasa wanarudi ofisi ileile kama washauri elekezi, siku moja wanalipwa mshahara wa mwezi? Hao hawajakimbia? Mpemba akifungua duka kakimbia kazi, Muunguja akiingia shirika la Kizungu kajiendeleza!

MtuWaMakunduchi
Utani tu sheikh, mbona umepanda hivyo.

Chake_Chake_Tu
Utani una mipaka. Watu wanaofungua mwaka kwa kutandikana mabua ya migomba ndio watupangie nani asomeshwe tathmini?

MtuWaMakunduchi
Mwaka Kogwa usiuguse! Na kwa taarifa yako ile ndiyo tathmini iliyokamilika. Mwaka umekwisha, mwenye kinyongo kamaliza kinyongo chake hadharani, aliyekosea kapigwa, mkasameheana, mkaanza upya. Nyie na ripoti zenu za kurasa mia na themanini, niambieni nani alishapigwa hata kofi?

Ngalawa_Moja
Hapo kawapata 😂

Shamba_Kizimkazi
Mie nakubaliana na Chake Chake kwenye hilo la washauri elekezi. Ofisi niliyokuwamo (siitaji) tulikuwa na dada mmoja hodari, data zote za wilaya ziko kichwani mwake. Kapelekwa kozi nje, karudi, miezi haijapita kaondoka. Mwaka uliofuata tukatangaza zabuni ya tathmini ya mwisho wa mradi, hadidu za rejea tumeandika wenyewe. Aliyeshinda kumbe kamchukua yuleyule dada kufanya kazi yote. Akaja kutuhoji sisi! Akauliza faili liko wapi, na yeye ndiye aliyelipanga kabatini.

Kwa hiyo kabla ya semina au MIT, kwanza mkataba. Ukisomeshwa utumikie miaka mitatu, la hutaki urejeshe pesa.

Kijana_wa_Ng'ambo
Mkataba wa kumfunga mtu kwa video za bure? Mmemsomesha nini hapo, bando?

Shamba_Kizimkazi
Na saa mbili za kazi kila siku ni pesa za nani?

Mwana_wa_Mtambwe
Jamani turudi kwenye mada.

Mwl_Hesabu
Nirudi mimi. Kinachokosekana kwenye semina hakihusiani na urefu wake, ni namna ya kufikiri. Bango kitita linakufundisha kuhesabu: visima vingapi, kuku wangapi, akina mama wangapi. Halikuulizi swali la msingi kuliko yote: pasingekuwa na mradi, hali ingekuwaje?

Chukueni karafuu. Kila mtu hapa anajua haibebi sawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno makubwa Pemba nzima ina pesa, mchumaji analipwa kwa pishi, hata muuza kahawa anajenga. Halafu hupita misimu mikavu. Sasa njoo na mradi wako wa ufugaji wa kuku. Ukapima kipato cha kaya za Mtambwe mwaka wa neema, ukarudi kupima mwaka ambao mikarafuu imelala: ripoti itasema kuku wamewafukarisha watu. Geuza, anza mwaka mkavu umalizie mwaka wa neema: kuku wametajirisha kisiwa, na meneja wa mradi anapandishwa cheo. Kuku wenyewe wanaweza kuwa walikufa kwa mdondo wiki ya tatu.

Dawa yake ni kuwa na shehia nyingine zinazofanana ambazo hazikupata mradi, upime kote. Ikiwezekana zichaguliwe kwa bahati nasibu, ili asiwepo wa kusema mmechagua za ndugu zenu. Hilo huliingizi kichwani kwa siku tano baina ya chai na chakula cha mchana.

Shangazi_Wete
Hapo kwenye bahati nasibu ndipo ninapowakataa. Shehia hii ipewe, ile ikose, ili nyie mpate kuandika? Watu si panya. Na Pemba tumeshachoka kufanyiwa majaribio. Miaka ile watoto wetu walipewa vidonge vya kuongeza damu na Wazungu, wakafa. Nani alijibu?

Chake_Chake_Tu
Mwambie shangazi. Mambo hayo hufanyiwa Pemba, kwa nini yasifanywe Mjini?

Daktari_wa_Zamu
Shangazi, naomba niliweke sawa, maana lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni hatari.

Vidonge vile vilikuwa vya madini ya chuma na foliki, walipewa watoto wadogo wasiofika miaka mitatu. Wakati ule ndiyo uliokuwa ushauri wa dunia nzima: mtoto wa nchi yenye upungufu wa damu apewe chuma. Hakuna aliyedhani kuna ubaya. Watafiti wakiwa na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi wakawagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine wakapewa chuma, wengine vidonge vitupu. Kamati ya usalama ilipofungua hesabu katikati ya safari ikaona waliopewa chuma wanalazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wenzao, kama asilimia 12 zaidi. Vidonge vya chuma vikasimamishwa kabla ya muda. Matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi.

Sasa fikiri: bila lile kundi la kulinganisha, mtoto akifa mwezi wa pili wa mradi tungesema malaria, au ajali yake imefika. Vidonge vingeendelea kugawiwa Afrika nzima. Pemba ndiko ilikojulikana.

Na kichocho vilevile, 2012 hadi 2017. Shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba (kwa hiyo Chake Chake, Unguja nao walikuwemo). Zote zilipewa dawa, hakuna iliyonyimwa. Theluthi moja zikaongezewa kupulizia dawa ya konokono, theluthi nyingine elimu ya kubadilisha tabia. Kichocho kilishuka kote, lakini tofauti baina ya makundi haikuwa kubwa. Yaani mwenye kupanga bajeti kaambiwa jambo ambalo asingelijua kwa kuhesabu mabango ya elimu yaliyobandikwa.

Swali langu kwenu ni hili. Ile kamati ilikuwa na mamlaka ya kusema "simamisheni". Afisa tathmini wa wizara, awe kasoma semina, MIT au pengine popote, akiona mradi wa mkubwa wake unaumiza watu, atamwandikia nani barua?

Shangazi_Wete
Kwa hiyo walikufa, au hawakufa?

Daktari_wa_Zamu
Walikuwepo waliokufa, shangazi, katika makundi yote. Kwenye chuma matukio mabaya yalizidi.

Shangazi_Wete
Basi nilichosema si uongo.

MtuWaMakunduchi
Daktari umeandika gazeti zima. Mie nimeishia "Wawi".

Ngalawa_Moja
Tofauti haikuwa kubwa kwa nini? Elimu si tunaambiwa ndiyo kila kitu?

Bi_Mazizini
Hiyo elimu aliitoa nani? Ikiwa ni wale vijana wa sufuri, sishangai.

Kijana_wa_Ng'ambo
Bi mkubwa umetushika pabaya na hiyo sufuri. Mimi sikuwemo Jambiani! Ila nitakwambia kitu: hizo semina zenu majina ya waalikwa ni yaleyale. Bosi anakwenda yeye, akishindwa anampeleka dereva. Mtu kaenda mafunzo ya viashiria mara nyingi hata mwenyewe hakumbuki, na ripoti ya robo mwaka anaandikiwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, ambaye hata nauli ya Tunguu hapewi. Huyo mwanafunzi ndiye wa kusomeshwa.

Bi_Mazizini
Hilo la bosi na posho sitalitetea. Lakini usiwachanganye na maafisa wa Micheweni wanaopanda gari la abiria alfajiri ili wawahi darasa Chake.

Msafiri_wa_Bern
Hakuna aliyetaja IPDET? Ile kozi ya kimataifa ya tathmini ya maendeleo, Benki ya Dunia na chuo cha Carleton, Ottawa. Wiki kadhaa, mnatoka mmeiva. Huo ndio wastani baina ya semina na mwaka mzima.

Mwl_Hesabu
Ilianza Ottawa 2001. Tangu 2018 iko Bern, Uswisi. Jina lako mwenyewe linajua.

Msafiri_wa_Bern
Jina ni la safari nyingine, bwana.

Shamba_Kizimkazi
Uswisi kwa pesa ya nani? Kwa tiketi na hoteli ya mtu mmoja, Mtambwe anapata bando la vijana wake kumi na chenji. Kuna kituo cha tathmini cha CLEAR pale chuo kikuu cha Wits, Johannesburg, wanafundisha serikali za Afrika haya haya. Karibu zaidi, na hata mifano yao inafanana na ya kwetu.

Chake_Chake_Tu
Na hao vijana kumi, kumi wa wapi? Maana najua hesabu zenu. Tisa Mjini, mmoja Pemba wa kuwekewa kwenye picha.

MtuWaMakunduchi
Huyo mmoja ndiye mwenye duka.

Chake_Chake_Tu
Nasubiri jina. Nipe jina la Mpemba mmoja tu aliyesomeshwa tathmini akakimbilia Kariakoo. Siku ya pili hii nasubiri.

Mwana_wa_Mtambwe
Nilisema tusitukanane. Daktari kauliza swali zito, hakuna aliyemjibu. Langu la vijana kumi kajibu Shamba peke yake, tena kwa kukata bajeti ya Uswisi.

Ngalawa_Moja
Nimeingia ukurasa wa MIT. Kweli digrii hawadai. Lakini wanataka kalkulasi, takwimu na kuandika programu za kompyuta, na mie hesabu niliachana nazo skuli kwa maelewano mazuri. Mwl_Hesabu, huna darasa la jioni?

Mwl_Hesabu
Ninalo, Michenzani, baada ya isha. Tukipatikana watano tunaanza na takwimu. Wa kutoka Pemba nitawapunguzia.

Chake_Chake_Tu
Mtupunguzie kwa nini? Nani kakwambia hatuna pesa?