Dawa ya usingizi kwa mtoto wa miaka 4: halotheni au sevoflureni?

Mama Nuru
Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 4, Alhamisi anatolewa nyama za pua. Kaka yake alipopasuliwa ngiri hospitali nyingine walitumia halotheni, akalala hadi jioni tukawa tunamtikisa. Safari hii wamesema ni sevoflureni. Jirani ananiambia hiyo ndiyo inayowafanya watoto waamke wakipiga kelele kama wamepagawa. Niombe ile ya zamani? Sili, silali.

Mtu wa Theatre
Pole dada. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kulaza wagonjwa, na zote mbili nimezitumia. Halotheni ipo mahospitalini tangu 1956, ni ya bei nafuu na mtoto anaivuta bila kusumbua. Shida yake ni moyo: mapigo hushuka, au huenda ovyo. Mara chache sana huumiza ini. Tena inachelewa kutoka mwilini, ndiyo maana mkamtikisa kaka mtu. Sevoflureni inalaza upesi na moyo unatulia zaidi. Upasuaji wa nyama za pua damu huweza kuteremkia kooni, kwa hiyo nataka mtoto aamke mapema, akohoe mwenyewe. Usikubali tu waanze na isoflureni, gesi nyingine ya usingizi, kwa maski. Ile ni kali, mtoto anakohoa na koo linabana.

Baba Zuhra
Kuhusu kelele jirani hajakudanganya. Wangu aliamka anarusha mateke, macho wazi lakini hanioni, namwita ananisukuma. Nililia. Nesi akapunguza taa, akaniambia nimkumbatie nisiseme sana. Kama robo saa hivi akauliza kandambili zake ziko wapi. Hakumbuki chochote.

Mtu wa Theatre
Ndivyo inavyokuwa, zaidi kwa watoto ambao hawajaanza shule. Mwambie daktari wa usingizi mapema, kuna dawa ya kutuliza anayoweza kumpa kabla hajaamka, na ya maumivu pia. Chakula kikome masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2. Na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupandwa na joto kali ghafla akiwa nusukaputi, lazima useme, gesi zote hizi ni hatari kwake.
Ila dada, mtoto ana mafua au kikohozi sasa hivi? Hilo linanitisha kuliko jina la gesi. Njia ya hewa ikiwa imevimba, koo huweza kujifunga akiwa amelala.

Mama Nuru
Ana makamasi tangu Jumapili na usiku anakohoa. Nilidhani ni hizo nyama tu, daktari sikumwambia. Nampigia sasa hivi.