Likizo za kuungaunga, Kigali kwa siku kumi inawezekana?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nimeajiriwa Dar, bosi hatoi likizo ndefu, ukiomba sana unapewa siku tatu. Sasa nimeangalia kalenda ya 2026, Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Karume Dei tarehe 7, nikiongeza zile siku tatu zangu napata kumi hadi Jumapili tarehe 12!

Nataka Kigali. Mwaka jana nilienda Mombasa kwa basi wikendi, nikaishia kuijua zaidi foleni ya mpakani Horohoro kuliko Fort Jesus, kwahiyo naogopa kurudia kosa.

Je, niende kwa basi kupitia mpaka wa Rusumo nirudi na ndege, au ndege kwenda na kurudi? Na tiketi nikate lini mapema?