Ushauri wakuu: dagaa wamehama Kigoma, nihamishe kipe kwenda Kirando?

Mtafuta Rizki: Wakuu, usingizi umekata. Nina kipe cha kuvulia dagaa Ziwa Tanganyika, pale Kibirizi, Kigoma: mitumbwi miwili, wavu mzima, taa za sola kumi na mbili. Wiki ya tatu hii dagaa hawaonekani. Juzi wameambulia beseni moja na nusu, hata hela ya mafuta haikurudi. Kipe hikihiki kilikuwa kinatoa beseni 40 kwa usiku! Nasikia samaki wamekimbilia kusini, upande wa Kirando. Swali langu moja tu: dagaa wakihama wanarudi lini? Nisubiri au niwafuate?

Msukuma Halisi: Uza, nunua bodaboda. Bodaboda haihami.

Nahodha Mstaafu: Mdogo wangu, safari kubwa ya dagaa ni ya juu na chini. Mchana wanazama, giza likiingia wanapanda kufuata vijidudu wanavyokula. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini huku kaskazini ukipita kama mita 100 hewa hakuna, hawawezi kukaa. Ndiyo maana tunavua usiku kwa taa. Unaziwasha, unatulia, kwanza unaona vijidudu vinazunguka kwenye mwanga kama vumbi, halafu chini maji yanaanza kumetameta. Hapo hakuna kupiga kelele wala kugonga ubao. Mbalamwezi ikitoka wanatawanyika, taa yako wanaipuuza.

Hiyo ya kusini ina ukweli wake. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, ya moto, kuja huku kaskazini. Kule mwisho wa ziwa maji baridi ya chini yanapanda na rutuba yake, chakula kinakuwa kingi. Upepo ukikata, ziwa linayumba kama maji kwenye beseni ulilolibeba kichwani, wiki kadhaa. Samaki wanafuata chakula. Lakini tarehe ya kurudi hakuna anayekupa, akikupa ni mganga.

Mrundi wa Rumonge: Sisi tunawaita ndagala. Ukiona migebuka, sisi mukeke, inaruka jioni, ujue ndagala wako chini yake wanakimbizwa. Muulize aliyeko majini kama anaiona.

Baba Uvira: Ndugu, mimi ni mtu wa Uvira, sasa niko Kentucky. Hapa kuna samaki wanaitwa krapi, kwenye ziwa walilofanya kwa kuziba mto Tennessee mwaka 1944. Baridi ikiisha, maji yakianza kupata moto, wanatoka kwenye kina wanakuja kando kutaga. Dume ndiye anabaki kulinda mayai! Joto likizidi wanarudi chini, wanajificha kwenye miti iliyozama. Mwaka wa kwanza nilikaa ufukweni Agosti nzima na ndoana yangu, sikupata kitu, mzee mmoja mzungu alinicheka mpaka akakaa chini. Samaki hawakuhama ziwa, walihama kina. Nimekumbuka ndakala wa mama yangu na ugali wa muhogo, basi tu.

Dada wa Mwalo: Mleta mada, umeandika "wameambulia". Wewe ulikuwa wapi?

Mtafuta Rizki: Swali langu lilikuwa la samaki, dada.

Dada wa Mwalo: Na langu ni la mvuvi. Mimi nanunua dagaa Kibirizi. Giza lililopita, zile siku zisizo na mbalamwezi, hatukujaza kama zamani, kweli, lakini beseni moja na nusu? Uko wapi?

Mtafuta Rizki: Sawa. Mimi niko Dar, Mbagala. Kipe anasimamia shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nilikinunua Septemba 2024 kwa mkopo, dhamana kiwanja cha mke. Lakini shemeji ni mtu wa swala tano, tusimuingize hapa.

Mwalimu Mkongwe: Kiwanja cha mke! Vijana mnaoa halafu mnaweka ndoa rehani. Mimi mwaka wa kwanza wa ualimu nilikopeshwa baiskeli tu, nikalipa miaka miwili.

Nahodha Mstaafu: Wazo la Kirando ni la nani?

Mtafuta Rizki: La kwake. Na nimeshatuma laki nne za mafuta ya safari, siwezi kurudi nyuma. Halafu mnanifanya mjinga wakati mimi nilinunua kwa ushahidi. Muuzaji, rafiki yake shemeji, alinipa daftari. Hili hapa mezani: tarehe 20 Juni 2024 beseni 38, tarehe 22 beseni 41.

Mpekuzi: Chai hii wakuu, tena ya tangawizi. Serikali ilifunga uvuvi ziwa Tanganyika tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Nchi nzima ilitangaziwa. Na tarehe 22 Juni 2024 mwezi ulikuwa mpevu! Beseni 41, ziwa limefungwa, mbalamwezi inawaka? Mleta mada katunga, amesahau kalenda.

Msukuma Halisi: Nilikaa na kikombe changu tangu mwanzo.

Mtafuta Rizki: Sijatunga! Kurasa zote ni wino mmoja, mwandiko mmoja... ngoja.

Dada wa Mwalo: Mpekuzi, tunga wewe basi. Huyu hajatunga, katungiwa.

Mtafuta Rizki: Nimempigia shemeji. Anasema yuko ziwani anavua, mtandao unasumbua, tuongee kesho.

Nahodha Mstaafu: Saa nane hii ya mchana?

Dada wa Mwalo: Niko mwaloni sasa hivi. Kipe chako kina rangi gani?

Mtafuta Rizki: Bluu, ubavuni mstari mweupe. Kwenye picha.

Msukuma Halisi: Mkuu, samahani kwa kuingilia. Zile taa kumi na mbili, kama bado zipo, unauzaje?