Mrejesho: Kutua na upepo wa ubavuni Tanga

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini Cessna 172, ndege ndogo ninayojifunzia, inanitoka katikati ya njia ya kutulia nikitua hapa Tanga wakati wa upepo wa kusi. Aliyesema "usilegeze usukani magurudumu yakigusa", Mungu akubariki. Ugonjwa wangu ulikuwa huo: nikigusa tu naachia, upepo unanyanyua bawa.

Jana na mkufunzi tumetua mara sita. Bawa la upande wa upepo chini kidogo, pua nainyoosha kwa pedali ya usukani wa mkia, ya upande wa pili. Gurudumu la upande wa upepo likalia "chwii" peke yake, kisha la pili, mwisho la pua; usukani bado nimeukunja kuelekea upepo, nikizidisha kadiri mwendo unavyopungua. Ya nne ilikaa juu ya mstari wa katikati kabisa! Na ile hesabu, kwamba upepo unaokuja kwa pembe ya nyuzi 30 na njia unasukuma ubavuni kwa nusu ya kasi yake, sasa naipiga kabla ya kila kutua.